Wageni wa Jumamosi

Jumatatu, 3 Novemba

Mwaka mzima leo tangu nishuke katika mji huu na begi langu. Mwaka gani huu! Ndoa imevunjika. Baba nimemzika. Ualimu nimeuacha, sasa ni dobi, nafua suti za watu wasionijua jina. Hakuna hata mmoja wa kuniuliza nimeamkaje.

Binti yangu anakuja Jumamosi. Mama yake kasema mtoto aje aone mwenyewe ninavyoishi, ndipo aamue kama likizo atakuja kwangu. Ni haki. Tatizo ni mdomo wangu. Kila nikimpigia simu namwambia nina marafiki tele, chumba changu hakikauki wageni. Sikutaka anihurumie, ana miaka kumi na miwili tu.

Sasa wageni nitawatoa wapi?

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Wateja! Kila anayeleta nguo namwambia zitakuwa tayari Jumamosi alasiri, na azifuate chumbani kwangu, nyuma ya duka, maana dukani tutakuwa tunapaka rangi. Watakuja kwa miguu yao wenyewe. Muuguzi kakubali. Mwalimu wa udereva kakubali. Bibi mwenye mapazia kauliza ni rangi gani. Nikasema samawati, wala sikupepesa macho.

Mpiga pasi mwenzangu kanikodolea macho. Tunamwita Kola, kwa sababu hakuna kola inayomridhisha. Kauliza tangu lini duka linapakwa rangi. Nimemwambia ashughulike na mikunjo yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Muuguzi kaja mapema, anazitaka sare zake leo. Ziko tayari, zimekunjwa, tena nimezikalia! Nikamwambia mashine imekwama. Maskini, kaondoka akisema itabidi aingie wodini na sare ya kuazima. Roho iliniuma. Nikajikaza kisabuni.

Kola aliona yote. Kasema nina kasoro kichwani. Wivu tu huo! Ana mke, ana mashemeji wanaoingia kwake bila hodi, atajuaje mambo haya? Nilirudi chumbani nikamlilia baba. Nililia hasa. Kisha nikafunga kamba ukuta hadi ukuta, nikatundika nguo zote za wateja, nikazifunika kwa shuka.

Jumamosi, 8 Novemba

Kafika mchana. Kawa mrefu! Hata sauti imebadilika, na mimi sikuwepo ikibadilika. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kama mtu asiyekusudia kukaa.

Alasiri, hodi! Muuguzi. Nikampokea kwa mikono miwili, nikamwita dada yangu, nikamvutia kiti. Akasema hana haja ya kiti, anataka sare. Nikacheka kwa nguvu, nikamwambia binti kwamba shangazi huyu ni mcheshi kweli. Akaingia mwalimu wa udereva. Akaingia bibi mwenye mapazia, akanusa hewa, akasema hapa hapajapakwa rangi yoyote. Wakafuata wengine, chumba kikafurika. Wageni tele kama nilivyoahidi, ila kila mmoja kakunja uso. Nikazungusha chai. Hakuna aliyepokea.

Halafu kamba ikakatika. Lahaula! Suti, mapazia, sare, vyote chini, na vikaratasi vya majina vimechomoka. Mwalimu wa udereva akajikuta na gauni mkononi. Wakanifokea wote kwa pamoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Binti akavua viatu. Akapanda kitandani, akawaamkia wakubwa wote, akawa anainua nguo mojamoja na kuuliza kwa adabu ni ya nani. Wakatulia. Wakachukua zao, wakaondoka. Muuguzi alimshukuru mtoto. Mimi hakunitazama.

Tulipobaki wawili akaniuliza kama kweli sina rafiki hata mmoja. Nikasema sina. Akaliokota lile shuka, akalikunja. Kisha akasema na yeye pia hana. Tangu wahame, shuleni anakula peke yake, na yeye humdanganya mama yake kuwa ana marafiki wengi. Sijawahi kuumia hivyo, hata siku ya kesi ya talaka.

Kasema likizo atakuja. Kwa sharti: nisidanganye tena watu, wala nisimtafutie wageni. Tutakaa sisi wawili tu, inatosha. Nikaapa kwa kaburi la baba.

Jumatatu, 10 Novemba

Kaondoka jana. Alinikumbatia kituoni na hakuniachia upesi. Nimerudi nikaketi pale alipoketi.

Bosi kaniondoa kaunta. Sasa nasugua mazulia uani, na Kola ndiye anayeniamrisha. Tena kanikaribisha kwake Jumapili tule pamoja, ati mke wake kasema niende. Nimekataa. Huyo anataka kunichimba tu! Isitoshe, nina jambo la kupanga.

Haliniishi kichwani kwamba mwanangu anakula peke yake. Mwalimu wa udereva ana mabinti pacha, rika lake kabisa. Leo kaleta magauni yao, kamkabidhi Kola, mimi hataki hata kuniona. Kola alipogeuka kuwasha pasi, nikayachukua. Yako chini ya godoro langu. Hayatapatikana mpaka likizo ianze, na hapo pacha waje kuyadai wenyewe. Binti yangu ndiye atakayewafungulia mlango.