Kapteni wa Kifaru Saba

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya maana! Madam Adero, yule wa kutengeneza filamu kutoka Nakuru mjini, amefika Elburgon. Anataka chombo cha angani. Kinaitwa Kifaru Saba, na katika filamu kinabeba jeshi kutoka mwezini kwenda kupigana kwenye sayari nyekundu. (Sayari nyekundu ni lile shimo la volkano la Menengai, lakini hiyo ni siri.) Lazima kiwe na viti vya askari vinavyotazamana, na mlango wa nyuma unaoshuka kama wa lori. Atakayeunda kizuri zaidi kufikia Jumamosi ataigiza kapteni.

Kapteni! Mimi Kipyegon! Sauti ya kapteni nilizaliwa nayo. Hata mwalimu wa kwaya alisema inasikika vizuri zaidi nikiwa nje ya kanisa.

Shida ni Makhanu jirani, fundi wa mbao. Naye anaunda chake. Ana randa, ana misumari, ana majivuno. Simwogopi.

Jumanne, 6 Mei

Sina mbao! Mji mzima unanuka mbao, na mimi sina hata moja. Niliomba mabaki kwa sawmill, pale wanapopasua magogo. Wakaniuliza nimekuja na pesa ama na hadithi.

Halafu macho yakaangukia banda la ng'ombe. Mbao safi za saiprasi. Mabati yanang'aa. Anayelala humo ni Chelel, ng'ombe wa Mama, na ana mimba kubwa. Mama yuko Bahati kwa dada yake mpaka Jumamosi. Aliniachia neno moja: Chelel asinyeshewe. Mwaka jana ndama wake alikufa kwa baridi, na Mama alilia mpaka nikaogopa.

Lakini daktari wa mifugo alisema atazaa wiki ijayo. Nitabomoa, nitashinda, nitarudisha. Mama hatajua hata msumari umehama.

Alhamisi, 8 Mei

Kimesimama! Mabati mbele, mbao kando, mlango nimetoa kwa lori bovu la Kipsang, jirani mwingine. Kiti cha kapteni ni lile sanduku la Chelel la kulambia chumvi. Kinanikaa kabisa. Chelel nimemfunga nyuma ya jiko na gunia mgongoni. Ananiangalia vile Mama huniangalia.

Makhanu alipita, akachungulia, akaniuliza kwa upole kama hilo si banda la ng'ombe. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akasema mvua inakuja, ng'ombe nitamweka wapi. Nikamwambia ashughulike na chake.

Chake kina taa. Za buluu! Sina amani.

Ijumaa, 9 Mei

Nilienda kwa Makhanu kuomba msumeno. Msumeno gani! Nilitaka kuona zile taa. Mara mvua ya mawe, nikakwama huko mchana wote, nakunywa chai ya adui.

Kurudi nyumbani: kamba imekatika, gunia chini, Chelel hayuko!

Nilimtafuta kwa shamba la viazi. Nikamtafuta barabarani. Nikaingia msituni nikimwita kama mwendawazimu. Woi! Kwa vile hakuna mtu anasoma hapa, niseme tu: nililia. Si kwa sababu ya kofi la Mama. Nilimfikiria yule ndama kwa hiyo baridi.

Giza lilikuwa limeingia niliporudi. Chombo sikuwa na moyo hata wa kukiangalia. Nilipandisha tu mlango, viti vya askari visilowe.

Jumamosi, 10 Mei

Madam Adero alikuja na kamera. Makhanu akaja na majivuno yake. Halafu, nani huyo langoni? Mama, na kuku wa Bahati kwapani! Akauliza banda liko wapi. Nikamwomba angoje kidogo tu.

Nikasimama kifua mbele, nikaamuru askari washuke, nikavuta kamba. Mlango ulishuka vizuri sana, hilo lazima lisemwe.

Askari hawakushuka. Chelel alikuwa katikati ya viti, analamba kiti changu. Chini yake ndama jike, mkavu, mzima, masikio juu. Kumbe ng'ombe alifuata chumvi yake na harufu ya banda lake, akapanda mwenyewe!

Mama akaweka kuku chini. Akaingia, akampapasa ndama, akalia kwa furaha. Kisha akatoka akanizaba kofi.

Sasa sikia. Kumbe jana, sisi tukinywa chai ndani, mvua ya mawe ilivunja taa zote za Makhanu! Madam akasema changu ndicho imara, kipakiwe kwa lori mara moja. Nimeshinda!

Mama akasema hakiendi popote. Kwake, mahali ng'ombe amezalia hapaguswi hata ubao mpaka ndama apate nguvu. Atakayeng'oa msumari mmoja atalala yeye nje. Nikamweleza habari ya jeshi, mwezi, sayari nyekundu. Akaniuliza kama huko mwezini watu hawana mama.

Madam akachukua cha Makhanu.

Jumatatu, 12 Mei

Menengai, kutengeneza filamu. Makhanu kapteni. Anaamuru jeshi kama mtu anayeuza kabichi. Mimi nimepewa askari wa kwanza kushuka, ambaye pia ndiye wa kwanza kufa. Nilikufa kwa ustadi, nikigaagaa sana, mpaka Madam akaniomba nife haraka.

Nyumbani, Mama amempa ndama jina. Anaitwa Kapteni. Hata ndama amenipita cheo!

Jumatano, 14 Mei

Habari njema! Madam amepiga simu. Anahitaji chombo cha pili, cha maadui, na kapteni wake. Makhanu hajui bado.

Kesho Mama anarudi Bahati. Ameniachia neno: nisimguse Chelel, nisiguse chombo. Nimemwapia kwa mikono yote miwili, na nitatii.

Lakini jiko lake limeezekwa mabati meusi ya moshi, kama yaliyotoka vitani jana. Safari hii nimefikiria kila kitu. Jiko halina mimba.