Avoka Imeingia Mpaka Mu Salon

Jamani, leo nimejiaibisha kiasi kwamba ninaandika nikiwa nimejifungia chumbani. Nje bado kuna watu wanacheka. Nawasikia mmoja mmoja, hata najua nani ni nani.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, labda na mimi nitaelewa.

Ninapanga nyumba Bel-Air, huu mwaka wa saba. Nilipoingia, parcelle yote, yaani kiwanja na ua wake, ilikuwa vumbi jekundu, na mti mmoja mkubwa nyuma ya nyumba. Basi. Nikaanza kupanda. Nikapanda majani ya uwanja, nikapanda rozi, bougainvillea ukutani, mapapai mawili, limau. Mume wangu ni dereva wa lori, maisha yake ni barabara. Kila akirudi ananikuta na ndoo ya maji, ananicheka: "Mama Grâce, uko napamba bibi ya wengine."

Bibi kwetu ni mke. Nilikuwa namwambia anyamaze. (Alisema kweli. Mtu asimwambie.)

Sasa, wiki hii madalali, hawa tunaowaita komisioneri, wameanza kuchungulia juu ya ukuta wangu. Mmoja alisimama getini Jumatatu, akaitazama bougainvillea, akapiga mluzi. "Mama, hii jardin ya maua inapandisha nyumba bei, weh!" Nikafurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto. Nilipofika jikoni furaha ikakatika. Bei ikipanda, mwenye nyumba si atauza? Na akiuza, mimi na wanangu watatu tunakwenda wapi? Yaani miaka saba namwagilia maji kufukuzwa kwangu mwenyewe!

Mwenye nyumba anaitwa Papa Donatien. Anakaa Kasenga, anafanya biashara ya samaki. Ni mzee mpole, kila akija mjini ananiletea samaki, ananiita binti yake. Lakini upole ni upole na biashara ni biashara. Tangu Jumatatu hiyo nilikuwa silali vizuri.

Leo asubuhi, saa moja, simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Papa Donatien mwenyewe:

"Mama Grâce, jambo. Nilifika tangu jana. Saa ine niko nakuya kwako. Komisioneri ananiambia pale ku nyumba iko avoka, njo inashusha bei, client anaogopa. Miye nilizani ni kitu ya bule! Sasa sitaki kelele mingi. Nakuya kuiona na macho yangu, na kama ni kweli, tutaitosha tu leo leo."

Kwa wasio wa huku: avoka ni wakili. Yule wa kuvaa toge nyeusi na kusema Kifaransa kirefu. Na Kiswahili chetu cha Lubumbashi hapo hakikusaidii kitu, maana kwetu mtu ni iko, nyumba ni iko, hata mbuzi ni iko. Njo ni ndiyo, na kutosha ni kuondoa.

Nikasikiliza mara ya pili. Mara ya tatu. Avoka gani? Sina avoka! Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na avoka! Nani amenisingizia?

Nikavaa kitenge juu ya nguo ya kulalia, nikakimbia kwa jirani, Yaya Béa (yaya kwetu ni dada mkubwa). Yaya Béa anajua mambo ya mtaa mzima, na asiyoyajua anayatunga. Akasikiliza ule ujumbe, mkono kifuani.

"Mama Grâce, ni vile vile," akasema. "Nyumba yenye iko na avoka haiuzishwe. Client akisikia tu avoka, anajua kuko matata, anakimbia."

"Lakini miye sina avoka, Yaya!"

"Eh! Muntu anakuya kutosha avoka, na weye hauna hata moja? Tafuta mbio!"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini afikiri. Mimi niliona amesema neno la maana kabisa.

Nikampigia Maître Crispin (avoka huitwa Maître), binamu wa mume wangu. Maître amemaliza shule ya sheria mwaka juzi, na kesi yake ya kwanza bado anaingoja. Ni mtu mnene, mnene wa kweli. Saa mbili na nusu akaingia kwangu na toge ndani ya mfuko wa plastiki na kitabu kikubwa cha sheria. (Baadaye nilikuja kukifungua. Ni cha mambo ya ndoa.)

"Maître, tutasema nini?"

"Shemeji, sheria na njaa havipatane."

Akanywa chai. Akala mkate, akala na mayai ya watoto. Akavaa toge. Akaketi kwenye kiti cha salon (ndiyo sebule), kiti kikasema kraa, mguu ukavunjika. Akahamia kwenye kochi bila kuomba radhi, akasema ananitetea mpaka mwisho.

Saa nne kamili, geti likagongwa.

Papa Donatien alikuwa na mwenzake, mwanaume mkavu, amebeba gunia. Mdomoni mwa gunia ulitokeza mpini wa shoka, na panga. Niliviona. Nikajiambia labda ni mkulima tu, wamekutana njiani. Nikatazama mikono ya Papa Donatien: hakuna samaki! 

"Jambo, Papa. Habari ya Kasenga?"

"Muzuri, binti. Avoka imefika wapi?"

Hakuzunguka hata kidogo. Nikajikaza.

"Iko mu salon, Papa."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Mu salon?"

"Mu salon."

"Imeingia mpaka mu salon?!"

"Ndiyo, Papa."

"Tangu wakati gani?"

"Leo asubuyi, saa mbili na nusu." (Maître alikuwa ameniambia nitaje saa yenyewe, majaji wanapenda hivyo.)

Papa Donatien akamtazama yule mwenye gunia. Yule mwenye gunia akatazama nyumba.

"Na ilipita wapi?"

"Ku mulango, Papa. Ipite wapi tena?"

"Mungu wangu! Iko mukubwa?"

"Mukubwa sana. Hata kiti moja inaisha kuvunjika."

"Na simenti? Simenti ya chini haipasuke?"

Sasa hapo na mimi nikachanganyikiwa. "Papa, iko munene, mais si mpaka vile!"

Mzee akavua kofia, akapangusa jasho. Nikaona kabisa ameumia, na hilo likanichanganya zaidi, maana nilidhani atakasirika. "Basi, haina namna," akasema. "Kama inaingia mpaka mu nyumba, dawa ni moja. Nimeleta muntu wa kuikata."

Yule mkavu akatoa shoka kwenye gunia. Akapitisha kidole kwenye makali. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Tunaanza yulu ao chini?"

"Anza yulu," akasema Papa Donatien. "Chini iko nguvu, tutatia na moto."

Jamani! Papa Donatien! Mzee wa kanisa! Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika kiwanja cha Luano na ndege zikaisikia.

"MAÎTRE, KIMBIA! BANAKUYA KUKUKATA!"

Maître alikuwa amesikia yote dirishani. Sikujua mtu wa uzito ule anaweza kukimbia hivyo. Akatoka kwa mlango wa jikoni, toge ikanasa kwenye kitasa, ikachanika, akaendelea. Akapita juu ya rozi zangu. (Rozi za miaka saba!) Akaanguka, akainuka, akafika nyuma ya nyumba. Mbele kuna ukuta, hana pa kwenda. Akaukumbatia ule mti mkubwa kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza Baba Yetu kwa Kifaransa.

Yaya Béa alikuwa amekwisha kupanda juu ya ndoo upande wake wa ukuta. "Banauwa avoka! Bantu, mukuye! Banauwa avoka!"

Mtaa ukaja. Vichwa vikajipanga juu ya ukuta pande zote, na wengine wakaingia kabisa getini.

Papa Donatien akanikuta nyuma, nilikomfuata Maître, anahema. "Mais huyu ni nani?"

"Ni avoka, Papa!"

"Avoka gani? Avoka njo ile!" Akanyoosha kidole.

"Ndiyo, njo ile!" Na mimi nikanyoosha kidole.

Tulikuwa tunaonyesha mahali pamoja. Yeye anaonyesha mti, mimi namwonyesha Maître aliyeukumbatia. Tukasimama hivyo, vidole mbele, kila mtu ana haki yake. Ni yule mkavu mwenye shoka aliyetuonea huruma.

"Mama," akasema, "avoka ya matunda. Muti."

Lile tunda ambalo wenzetu wa Tanzania wanaliita parachichi, sisi tunaliita avoka. Mti wake pia ni avoka. Miaka saba nimekula matunda yake na chumvi, nimewagawia majirani, na leo haukunijia akilini hata kidogo. Mzee alikuwa anaogopa mizizi! Dalali alimwambia mizizi ya avoka inapasua misingi, wanunuzi wanakimbia, bei inashuka, basi akaja kuukata.

Kicheko kilichotoka kwenye zile kuta sitakisahau. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa, kitenge mdomoni. Mimi mwenyewe nilianza kucheka.

Papa Donatien hakucheka.

"Binti," akasema, "uliniletea avoka juu ya kichwa yangu?"

 Nikalia, mbele ya watu wote. Nikamwambia niliogopa kufukuzwa, nikamwambia sina pa kwenda, nikaomba msamaha. Mzee akamwambia yule mkavu aende kuchukua samaki kwenye motokari. Alikuwa ameniletea. Nikalia upya.

Kisha akafanya alichokuja kufanya. Akapima kwa hatua kutoka kwenye mti mpaka kwenye nyumba: hatua kumi na moja, na si hatua za mtoto. Akakagua ukuta, hakuna ufa. Akazunguka polepole, akashika limau, akanusa zile rozi chache zilizoponea miguu ya Maître.

"Hii yote ulipanda weye?"

"Ndiyo, Papa."

"Komisioneri hakuniambia hii. Ananiambia tu matata ya avoka." Akatikisa kichwa. "Anataka niuzishe kwa bei ya vumbi."

Moyo ukanipiga. "Sasa Papa utauzisha?"

"Leo? Apana! Miaka saba umefanya hivi. Nikikuachia miaka tano tena, nyumba itafika bei gani?" Akanipiga bega kwa upendo kabisa. "Endelea kumwanga mayi, binti."

Akaondoka na gunia. Shoka lilibebwa mkononi, kwa sababu gunia lilijaa matunda ya ule mti ambao haukukatwa.

Sasa niko hapa chumbani na sielewi. Nimepona au nimeuzwa polepole? Nikimwagilia, bei inapanda na siku moja naondoka. Nikiacha, bustani inakufa, mzee anaona hakuna cha kungojea, anauza, naondoka mapema. Nimempigia mume wangu anishauri. Amecheka mpaka akasimamisha lori. Maître yuko salon anashona toge, anauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Ndugu zangu, mtu akikwambia leo nakuja kwa habari ya avoka, usikimbie kwa jirani. Muulize kwanza: ni ile ya kula, au ni ile inayokula?