Pua ya Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Sinusi kitu. Hata kidogo! Nimechovya ncha ya pua kwenye karafuu, wapi. Mimi, mnusaji wa kiwanda cha sabuni, niliteleza kwenye sabuni nikaangukia kisogo. Aibu gani hii! Daktari anasema ubongo ulitikisika, na nyuzi laini za kupeleka harufu kichwani zikakatika. Huenda zikaota tena. Lini? Miezi, pengine zaidi. Wengine haziwarudii kabisa. Kanipa chupa nne: waridi, limau, karafuu, mkaratusi. Ninuse asubuhi na jioni huku nikiikumbuka kila harufu. Nikauliza kama hakuna sindano. Akacheka. Mimi sikucheka. Kiwandani jina langu ni Pua, na kazi nyingine siijui.

Jumanne, 4 Machi

Bosi hajui. Anajua mke wangu tu. Nimemwapisha asimwambie kaka yake, yaani Shemeji, mchanganya rangi wetu, maana anakitolea macho kiti changu. Leo Shemeji kaniuliza mbona siku hizi nanusa macho yakiwa wazi. Kimbelembele! Nikamwambia ashughulike na ndoo zake.

Ni kweli, naangalia rangi. Pinki ni waridi, njano limau, kijani mkaratusi. Navuta pumzi, natikisa kichwa taratibu, napitisha. Kazi imeisha.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi nimeyatupilia mbali. Ya nini kunusa hewa? Jioni mke wangu akanifunga kitambaa machoni anipime. Siku zote huanzia chupa ya kushoto, masikini, na mpangilio wake naujua kwa moyo. Nikapatia zote! Akalia kwa furaha, akanikumbatia. Nikajisikia vibaya. Nikala, nikalala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Rangi ya njano iliisha, Shemeji akatia pinki kwenye sabuni ya limau. Anasema aliwatangazia wote asubuhi. Mimi nilikuwa nimechelewa. Nikainua kipande mbele ya Bosi, nikafumba macho kwa madaha, nikasema waridi safi, lililochumwa alfajiri. Bosi akanusa. Akaninusisha tena. Nikasema waridi, tena na umande wake! Shemeji akainamia ndoo, mabega yanamtikisika. Kesho napimwa mbele ya watu wote, macho yamefungwa. Nikikosa, kazi ni ya Shemeji.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Bosi kaniletea kopo puani. Nikavuta. Nikasikia harufu! Kweli kabisa, sitanii! Mpira unaungua! Nikapiga kelele: moto! Watu mbio nje, masufuria ya sabuni yakaachwa jikoni yakichemka, sabuni ikafurika mpaka mlangoni. Moto haukuwepo. Kopo lilikuwa la waridi.

Nikakimbilia kwa daktari. Eti ni habari njema! Nyuzi zikianza kuota, harufu hurudi zimevurugika kwanza. Nifanye mazoezi, kwa uaminifu. Neno hilo alilirudia akiniangalia usoni. Mke wangu kasema nini huko?

Bosi hakunifukuza. Shemeji anashikilia kiti mpaka nipone, mimi nifunge maboksi. Na kumbe ni Shemeji mwenyewe aliyemsihi asinifukuze! Mtu anakosa hata wa kumchukia.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kanifunga kitambaa tena. Safari hii kachanganya chupa, hataki mchezo. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikamwambia ukweli: sisikii. Ya tatu, mpira unaungua! Waridi! Akanishika uso kwa mikono miwili, na machozi yakanitoka mimi, si yeye. Nimefurahi jamani. Nilidhani nimebaki hivi maisha. Nikamwapia kwamba sitadanganya tena, nitanusa asubuhi na jioni, miezi yote hiyo, mpaka harufu zote zirudi.

Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Nikatia alama ndogo ya ukucha kwenye kila kizibo, kila moja tofauti, kidole kizitambue gizani. Ya dharura tu.