Malalamiko Kuhusu Kushukuriwa Kabla ya Wakati

Kwako Baba Askofu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama ulikuwa umekaa vibaya, basi kaa vizuri kwanza, maana anayekuandikia si mtu wa kusomwa huku umesimama. Mimi ndiye nguzo ya shule yenu ya msaada hapa kwenye ghala la zamani la kiwanda. Wapo watakaokuambia kwamba nguzo ni mpwa wangu, Mwalimu Mkuu. Mpwa wangu ni mchapakazi, sikatai. Lakini huyo mtoto wa dada yangu amekulia mikononi mwangu, kwa hiyo akili aliyonayo nyingi ni yangu. Nilimpa angali mdogo, ndiyo maana mimi mwenyewe nimebaki na ya kiasi.

Nakuandikia kwa heshima zote kumlalamikia mpwa wangu huyo pamoja na wanafunzi wake wote, kuanzia wakubwa wa darasa la nne hadi wale wadogo ambao kiatu cha kushoto bado wanakivaa kulia. Shitaka langu ni moja lenye matawi: wananishukuru. Tena wananishukuru kabla sijafanya kitu.

Nikueleze utaratibu wenyewe, maana sidhani kama ofisi yako inaujua. Kila asubuhi kabla ya masomo watoto hujipanga uani, wakaimba, kisha Mwalimu Mkuu akauliza, "Haya, nani ametuahidi nini?" Mtu mzima yeyote akiwa ametamka jambo jema mbele ya watoto, hata kama alikuwa anapita tu, wanafumba macho na kumshukuru Mungu kwa jambo hilo kana kwamba limeshafika. Mpwa wangu anasema shule isiyo na kitu ikisubiri ipokee ndipo ishukuru, itakaa kimya mwaka mzima. Maneno mazuri sana. Lakini mimi, Baba, ni mtu wa mazungumzo. Mtu wa mazungumzo akiishi jirani na shule ya namna hiyo, amekwisha.

La kwanza ni paa. Siku hiyo nilipita shuleni kusalimia. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, waambie watoto neno moja." Sasa neno moja mimi sijawahi kuliweza. Nikawasimulia nilivyoezeka ukumbi mpana kiasi kwamba ndege akiuvuka hutua katikati apumzike. Niliuezeka peke yangu, kwa siku moja, na jioni nikabaki na nafasi ya kuosha ngazi. Watoto wakapiga makofi. Mpwa wangu hakupiga. Alitazama juu, kwenye paa la darasa la tatu, mahali ambapo mbingu inaonekana bila kutafutwa, akasema, "Watoto, mmesikia? Simameni tushukuru."

Njia nzima ya kurudi nyumbani ikawa "Asante kwa paa, Mjomba!" Kutoka madirishani, kutoka bombani, kutoka juu ya kuta. Hata fundi seremala, ambaye hana mtoto pale, aliacha kupiga randa akapaza sauti: "Asante kwa paa, Mjomba! Na ngazi utaiosha kwa sabuni gani?"

Ningefanyaje, Baba? Mabati ilibidi yatoke kwenye banda langu la kuku. Kuku sasa wanalala jikoni kwangu, na jogoo ameifanya sufuria kubwa kuwa mimbari. Kupanda juu alipanda fundi, kwa sababu goti langu na kipandio cha tatu cha ngazi havijawahi kuelewana. Mimi nilishika ngazi. Kushika ngazi nako ni kazi, watu hawajui tu. Na kwa fadhila yake hiyo, fundi akanivutisha msumeno kwenye karakana yake mpaka mikono ikawa inakwenda mbele na nyuma hata nikiwa nakula.

La pili ni maharage. Unajua tangu kiwanda kifungwe wazazi wa watoto hawa wanashinda vibarazani wakitazamana. Wengine huwaleta watoto mapema, si kwa kupenda masomo, ila kwa sababu nyumbani hakuna cha kuwachelewesha. Mimi nilikuwa jikoni kwa Mama Jikoni, mpishi wa shule, nikimtia moyo, maana maji kwenye sufuria yake yalikuwa mengi na yamechangamka kwa kukosa kazi. Nikamweleza kwamba enzi zangu nililima maharage makubwa hata tukawa tunapika moja moja, na lililobaki tunalikalia kama kigoda. Sikujua kwamba nyuma ya mlango walikuwapo wanafunzi wa zamu. Kesho yake, nikiwa bado kitandani, nasikia dirishani, kutoka kule uani, shule nzima inamshukuru Mungu kwa maharage ya Mjomba.

Gunia langu la mbegu likaenda. Mama Jikoni akachota kidogo kiganjani, akayatazama, akanitazama. "Mjomba, haya ndiyo yale makubwa?" Nikamjibu kwamba yalisinyaa njiani kwa jua. Akasema, "Maskini, kumbe yametoka mbali." Mama huyo hana adabu hata kidogo, hilo nalo liwekwe kwenye kumbukumbu. Ila kwa kupika, usimguse.

La tatu nimelisahau. Lilikuwa zito kuliko yote. Nitarudi nalo.

La nne ni hesabu. Mwalimu wa hesabu alihama kumfuata mumewe aliyepata kibarua mji mwingine. Mimi, bila kuulizwa na mtu, nikasema pale uani kwamba katika kusoma kwangu nilifika mahali vitabu vikaisha, ikabidi walimu waanze kunisomea magazeti. Darasa ambalo vitabu viliishia nisingependa kulitaja katika barua ya heshima. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeshashukuriwa na chaki nimeshawekewa mkononi.

Tangu hapo maisha yangu yameharibika. Kila jioni nakwenda kwa mpwa wangu, namenya viazi, yeye ananieleza kugawanya, na asubuhi nawapelekea watoto hesabu hiyo ikiwa bado ya moto. Yupo msichana mmoja wanamwita Kidole, kwa sababu kidole chake kikishanyooka hewani hakishuki. "Mjomba, na inayobaki tunaipeleka wapi?" Namwambia, "Hapo ndipo tunapoishia leo." Kipindi changu ni kifupi kuliko vyote na kinapendwa kuliko vyote. Lakini mimi, mtu wa umri wangu, naoga alfajiri! Nimeacha hata kukaa kwenye benchi la fundi kupiga soga. Akiniita namwambia nina madaftari ya kusahihisha, na ubaya wake ni kwamba kweli ninayo.

Unaona mambo yanakoelekea, Baba Askofu. Mtu anasema uongo wake wa kawaida, uongo wa kijirani usiomdhuru yeyote, kisha shule ya kanisa inauchukua na kuugeuza kweli bila idhini ya mwenyewe. Kama huo si wizi, basi niambie ni nini. Nina hazina ya hadithi niliyoikusanya tangu ujana, na sasa naogopa kuifungua. Nina hadithi ya jinsi nilivyomtuliza ng'ombe mkali kwa kumkazia macho tu. Siwezi kuisema, watashukuru kwa maziwa. Nina nyingine ya kisima nilichokichimba kwa kijiko cha chai. Hiyo nimeifungia kabisa, maana shule haina kisima.

La tano ndilo linaloingia mlangoni kwako, kwa hiyo naomba ukae vizuri tena.

Ilifika barua kutoka ofisini kwako, fupi kama kikohozi. Ikasema mfuko umekauka, shule itafungwa muhula huu ukiisha, ghala litafungwa kufuli na watoto watafute nafasi kwingineko. Kwingineko, kama hukuonyeshwa, ni ng'ambo ya barabara kuu ya malori. Huko wanadai sare na ada, na hawapiki. Mpwa wangu aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa juu ya gunia la maharage. Mtoto huyo namjua tangu anatambaa. Akikasirika husema, akichoka huimba. Siku hiyo hakusema wala hakuimba. Mama Jikoni akafunika sufuria yake taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Na watoto walikuwa uani, kwenye mistari yao, wakingoja kuulizwa nani ameahidi nini. Hakuna aliyeuliza. Kidole alikuwa ameshika kile kikopo chake chenye kifuniko, ambamo kila siku hutia nusu ya maharage yake ampelekee bibi yake. Mkono wake mwingine ulikuwa chini. Baba, kidole cha mtoto yule sikuwahi kukiona chini.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Askofu? Askofu huyu huyu? Mimi na yeye tulikaa dawati moja! Kifutio alichotumia kilikuwa changu. Nimeshaongea naye, shule haifungwi. Na Jumapili anakuja mwenyewe kuwaambia."

Mpwa wangu akaniangalia. Hakusema "Tushukuru." Nadhani kwa mara ya kwanza alitaka kuniokoa. Lakini watoto hawakumngoja. Kidole ndiye aliyeanza, wengine wakadakia, wakafumba macho wote, wakakushukuru wewe, Baba, kwa cheo na kwa jina, kwamba umeiokoa shule yao. Wakaombea hata gari lako lisizimike njiani.

Pole sana. Hali hiyo mimi naijua.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwa unyenyekevu, upige marufuku katika shule zote za kanisa tabia ya kumshukuru mtu kabla ya wakati. Lakini wewe ni mtu wa taratibu, na unajua kwamba amri hairudi nyuma. Walioshukuriwa kabla ya marufuku ni wawili, mimi na wewe. Mimi ya kwangu nimeyatimiza, kuku wangu ni mashahidi. Kwa hiyo haki itendeke kwa mpangilio: kwanza uje Jumapili, useme shule haifungwi, na iwe haifungwi. Baada ya hapo ndipo utoe amri yako, sisi wawili tuwe huru.

Na hapa nimelikumbuka lile la tatu. Mlituandikia bila kuja kuona. Mfuko umekauka, sawa, mifuko hukauka. Lakini paa lipo, fundi ameshalipigilia. Maharage yapo, na mama mmoja aliyekosa kazi kiwanda kilipofungwa ameniomba kipande cha uwanja nyuma ya ghala ayapande zaidi. Nikamkubalia kana kwamba ni uwanja wangu, mtusamehe. Mpwa wangu na walimu wenzake wanasema wataendelea hivi hivi hata kama mfuko hautarudi. Hesabu ziko chini yangu. Kitu pekee kisichokuwa mikononi mwetu ni ghala, ambalo ni la kanisa, na ufunguo, ambao ni wako. Hatukuombi utie kitu. Tunakuomba usifunge.

Ukichelewa, nakuonya kama mwenzio. Kwaya ya watoto hawa inakwenda kwenye mkutano wa kwaya huko kwenu mwezi ujao, na njia inapita chini ya dirisha lako. "Asante kwa shule, Baba Askofu!" Utajaribu kufunga dirisha. Mimi nilijaribu. Sauti inapita.

Nisalimie nyumba yako yote, wakubwa kwa wadogo. Msalimie dereva wako, mwambie gari limeombewa ila mafuta aangalie mwenyewe. Msalimie na karani wako aliyeandika ile barua fupi. Mwambie siku nyingine akiandika kwa shule aongeze walau salamu, watoto husoma hata bahasha. Mpwa wangu angekusalimu lakini hajui kama nimekuandikia. Mama Jikoni anajua, na amesema Jumapili ukija atakutolea sahani yenye maua.

Wako katika utumishi na katika kusumbuliwa,

Mjomba wa Shule
(cheo hiki hakimo kwenye katiba yenu, lakini muulize mtoto yeyote)

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua tena kwa kisu. Ile marufuku, iache. Leo sikuwaambia watoto kitu chochote, kwa makusudi, nionje uhuru wenyewe. Nikarudi nyumbani njia nzima bila mtu kunishukuru. Watoto waliniamkia vizuri tu, fundi akanipungia mkono akaendelea na randa yake. Baba, kumbe njia ile ni ndefu. Nilipofika nilijikuta natafuta kijiko cha chai, nikawaza kwamba pale nyuma ya ghala ardhi si ngumu sana.

Na lile la dawati. Hatukuwahi kukaa dawati moja, wewe unajua na mimi najua. Tulikutana mara moja, siku ulipokuja kuifungua shule. Mimi ndiye niliyekushikia mwavuli. Uligeuka ukaniuliza jina langu, na mimi, mtu ambaye mji mzima unaniomba ninyamaze, nikaishiwa maneno, nikakutajia jina lako wewe. Ukacheka, ukasema, "Basi tuko wawili." Tangu siku hiyo nimehesabu kwamba sisi ni marafiki. Sikukuuliza.