Kionjo cha Dhahabu

Siku Kasmir alipokuta foleni ya sukari ya Kariakoo inazungumzia dhahabu kuliko sukari, alijua riziki inamwita kwa jina. Akajaza gunia kokoto za Kunduchi, akazibatiza mawe ya Geita, kisha akamwomba mkewe pete ya ndoa.

"Mbegu tu, mke wangu. Jioni itarudi na wenzake."

Severa aliiamini ile mbegu, akavua pete kwa sharti moja: isiporudi, na yeye asirudi.

Pete ikasagwa kwa tupa, chenga zikaingizwa kwenye kijiti chenye tundu, tundu likazibwa kwa nta. Huo ndio uliokuwa mgodi wote wa Kasmir.

Mteja alikuwa Bi Kuruthumu, muuza mchele wa Mtaa wa Narung'ombe, mwenye tamaa kubwa na utulivu mkubwa zaidi. Uani kwake Kasmir alitwanga jiwe moja, akalitia kwenye kikombe cha udongo pamoja na boraksi, unga mweupe wa masonara, ambao alieleza kwa sauti ya mhadhiri kwamba hukusanya uchafu na kuiachia dhahabu heshima yake. Mvukuto ukavuma. Akakoroga kwa kijiti mpaka kikaungua chote. Kikombe kilipopoa na kuvunjwa, ikadondoka punje ya dhahabu.

Bi Kuruthumu akaiuma, akaifunga kwenye pindo la kanga. Gunia akasema halitaki.

Kasmir akacheka kwa adabu, akaomba basi arudishiwe punje.

"Mwanangu, watu wanaonja mchele wangu kila siku, asiyeupenda anaenda zake. Uliniona wapi nikimwambia mtu ateme?"

"Lakini mama, ile ni yangu."

"Basi twende kwa mjumbe wa nyumba kumi, ukamweleze imetoka wapi."

Kasmir akapiga hesabu ya haraka. Akisema imetoka kwenye jiwe, ni mhujumu uchumi anayeuza madini kwa magendo. Akisema imetoka kwenye kijiti, ni tapeli. Akaaga kwa heshima zote, akajitwika gunia mpaka nyumbani Buguruni.

Severa alimsubiri mlangoni. Kasmir akaapa kwamba mbegu imepotelea motoni, na kwa kweli alikuwa karibu kulia.

"Mawe si bado unayo?" Severa akauliza.

"Ninayo."

Severa hakugomba. Akamtolea kinu na mchi hapo nje, akafunga mlango kwa komeo.

"Twanga. Pete ikitoka, bisha hodi."