Meli Iliyozama Kampemba

Jumatatu, 5 Februari

Habari kubwa! Prefe Donat, mkuu wa shule yetu hapa Kampemba, ametangaza nafasi moja ya mwalimu kwenda Kalemie. Siku kumi kando ya Ziwa Tanganyika, kujifunza namna ya kufundisha watoto juu ya meli zilizozama na wataalamu wanaozichunguza chini ya maji. Atakayetoa somo bora Alhamisi ndiye atakayekwenda. Mimi! Nani tena? Nilizaliwa kule. Baba alituleta hapa Lubumbashi kwa treni nikiwa na miaka saba, na tangu hapo maji makubwa niliyoyaona ni ya mvua. Nkambo, mama wa mama yangu, angali kule. Akipiga simu ananiuliza: "Abigaël, unakuya lini?" Nyuma ya sauti yake nasikia mawimbi. Au ni mtandao mbaya. Mimi nasema ni mawimbi.

Jumanne, 6 Februari

Mpinzani wangu ni Gauthier wa jiografia. Ana projekta. Ataonyesha picha. Picha! Mimi nitawapa meli yenyewe. Nyuma ya shule kuna shimo la wafyatua matofali, limejaa maji ya mvua. Jioni nimezamisha mlango wa kabati, sahani tatu, pasi ya makaa, na sufuria ya dada yangu Myriam. Hajui. Sayansi itamwomba msamaha.

Jumatano, 7 Februari

Mazoezi na wanafunzi. Nimewafundisha sheria kuu: kitu kilichozama kinasema kwa mahali kilipolala. Ukikitoa kabla ya kupima, umekinyamazisha. Kwanza kamba, kisha kipimo, kisha mchoro. Mkono mwisho! Wamerudia mara ishirini.

Keren, binti mkimya wa dawati la nyuma, akauliza kama watu waliokuwa ndani ya meli nao hupimwa. Nikajikuta nasimulia juu ya baba yangu mdogo, aliyepanda mashua ziwani kwenda mji wa Moba na hakurudi. Hakuna aliyecheka. Nikafuta ubao ambao haukuandikwa kitu.

Myriam anatafuta sufuria. Nimemwambia wezi wamezidi.

Alhamisi, 8 Februari

Aibu! Gauthier alianza, umeme ukakatika kwenye picha ya tatu. Nilifurahi kupita kiasi, Mungu anisamehe. Zamu yangu. Prefe, katika suti yake ya kijivu, akasogea ukingoni mwa shimo aone vizuri. Akasogea tena. Chubwi! Maji hadi kifuani.

Nikapiga kelele: "Mumutoe!"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Elisée, kiongozi wa kikundi, alikuwa anatandaza kamba. "Madame, bado hatuyamupima."

Keren alikuwa ameanza kuchora kofia ya Prefe inayoelea. Prefe alipojaribu kupanda, Elisée akamsihi kwa heshima zote: "Papa Prefe, tafazali, usitingishike."

Ni Gauthier aliyeingia na viatu vyake vizuri akamtoa. Prefe alitoka na sufuria ya Myriam mguuni.

Ijumaa, 9 Februari

Nafasi amepewa Gauthier. Prefe amesema wanafunzi wangu hawatalisahau somo lile maisha yao yote. Hakusema kwa furaha.

Baadaye Gauthier akanifuata chumba cha walimu. Hajawahi kuona ziwa. Akaniuliza likoje asubuhi. Nilitaka kumdanganya. Nikasema kweli: jua linatoka ng'ambo, na kwa kitambo kidogo maji na mbingu havina mpaka. Wanawake wanaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani. Ukilamba midomo, hakuna chumvi. Akanipa leso, akauliza kama nina ujumbe kwa nkambo. Nikasema sina. Ninao mwingi mno. Hauwezi kubebwa na mtu mwingine.

Jumamosi, 10 Februari

Nimeamka na akili mpya. Gauthier hajui kuogelea, alikiri jana! Nimejitolea kumfundisha. Binamu yangu Caleb analinda villa moja kule mtaa wa Golf, yenye piscine, bwawa la kuogelea, na wenye nyumba wako safarini. Somo moja tu: ataogopa, ataiacha nafasi, nitaichukua. Amekubali kwa furaha, masikini, na kunishukuru mara tatu. Jambo moja dogo: mimi pia sijui kuogelea. Lakini mwalimu husimama ukingoni tu, anatoa amri. Tunaanza saa nane. Sanduku langu nimeshalifunga.