Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata njia. Mwalimu wa hesabu, yule ninayetaka shangazi akaniposee, amepita leo kuchukua saa yake kwa fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Nikatoka kufagia mlango uliokuwa safi, nikasikia yote. Anasema hakuna kinachompendeza kama namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Fundi akamtajia kumi na tisa. Kumi na tisa! Mtu mzima na ndevu zake. Mimi nitamtolea kubwa, niiandike kwenye kioo cha saluni yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechagua 1,000,001. Ina umbo zuri, kama vinyozi wawili na viti vitupu katikati. Kwa tatu, imebaki mbili. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena. Mteja akaniuliza kwa upole kama upande wake wa kushoto nimeusahau. Nikaishia hapo. Namba iliyomkatalia kumi na tatu itamkubali nani? Nimeiandika kwa rangi nyekundu, na chini yake: TASA.

Jumatano, 6 Machi
Sikumfikiria shangazi. Amelikuta neno hilo kando ya jina langu, wapita njia wanalisoma. Kauliza ni nani tasa humu, na yeye ataingiaje nyumba za watu kuposa ikiwa bwana harusi amejitangaza mwenyewe kwenye kioo. Nimemweleza habari za kugawanya. Kasema hataki kujua kinachogawanyika, nifute. Neno nimefuta. Namba nimeiacha.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu ameingia saluni. Kaitazama namba, kauliza kama ni tasa. Nikasema ndiyo. Kauliza nimeijaribu kwa zipi. Kwa zote, nikasema. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba karatasi, akawa anagawanya kimyakimya huku chai niliyomwagizia ikipoa. Mwisho akanionyesha: 101 mara 9,901. Tukazidisha pamoja, ikatoka ile ile. Nilitamani kujifunika taulo. Nikakiri kwamba niliishia kumi na tatu. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema ningemwambia hivyo tangu mwanzo, tungeendelea wote kuanzia hapo, na angefurahi sana. Kukosea si kitu. Kilichomuudhi ni hiyo "zote". Akaaga. Akavuka barabara, moja kwa moja kwa fundi saa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafakari kwa utulivu, kosa nimeliona. Namba ilikuwa ndogo. Leo nimeongeza sifuri: 10,000,001. Kwa tatu imekataa. Kwa saba imekataa. Mteja akaingia. Shangazi anapita kwao mwalimu Jumapili. Nimemwomba amfikishie salamu, na amwambie kwamba safari hii nimejaribu zote, mara mbili mbili.